Kesi Hufia Kati ya Tarehe Mbili

Wanawake wengi waliofika kwenye dirisha la masjala nikiwa karani wa mahakama huku Pwani walikuja na sentensi moja: "Nimekuja kuondoa kesi." Wengine waliisema kwa sauti ya chini, mtandio umevutwa hadi kwenye jicho lililovimba. Wengine walikuja na mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyesema. Mara mojamoja alikuja mume mwenyewe, yuko nje kwa dhamana, akaniuliza kwa adabu zote, "Dada, hii karatasi ya kuondoa kesi inapatikana dirisha gani?" Ungedhani anatafuta leseni ya duka.

Karani haondoi kesi. Tulimwambia mlalamishi asubiri tarehe yake, aingie kortini, amweleze hakimu. Siku ikifika anasimama, anasema wamesameheana, wazee wamekaa, mambo yameishia nyumbani. Sheria ya Kenya ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 204, inamruhusu mlalamishi kuondoa malalamishi yake iwapo hakimu ataridhika kwamba sababu zinatosha. Kifungu cha 176 kinairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa ya shambulio la kawaida na mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Ni vifungu vizuri kwa majirani waliopigania mpaka wa shamba. Kwa mke anayerudi kulala nyumba moja na mshtakiwa, suluhu huandikwa kwa dakika chache, katika chumba ambamo kesi iliyotangulia ni ya chang'aa na inayofuata ni ya matatu, na ni nadra mtu kuuliza sababu yenyewe ni ipi: kodi ya nyumba, karo, vitisho, au kweli ni msamaha.

Nimestaafu sasa, na siku hizi naulizwa sana kuhusu mahakama maalum. Machi 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu, Mombasa, mahakama ya kwanza nchini ya kushughulikia kesi za dhuluma za kingono na kijinsia. Nyingine zimefuata katika kaunti mbalimbali. Ndugu zetu wa Zanzibar nao waliunda mahakama maalum ya kesi za udhalilishaji mwaka 2021. Nilizipokea habari hizo kwa furaha, na bado nafurahi. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kushika shajara na kutoa tarehe, na kutoka pale nilipokaa jambo moja lilionekana waziwazi: kesi nyingi za dhuluma ya nyumbani hufia kati ya tarehe moja na nyingine. Mahakama maalum isiyojua kinachotokea hapo katikati itakuwa korti ileile ya zamani, kibao tu ndicho kipya.

Ukubwa wa jambo hauhitaji kutiwa chumvi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimu miaka 15. Polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024. Septemba ya mwaka huo, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia katika Olimpiki ya Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia. Aliyetuhumiwa akafa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto uleule. Hapakubaki cha kupelekwa kortini.

Sasa tumfuate mama mmoja. Simtaji jina kwa kuwa nimemuunda kutokana na wengi niliowaona. Anauza mahamri asubuhi, ana watoto watatu, na Jumamosi usiku amepigwa hadi mkono ukavunjika. Jumapili anakwenda kituo cha polisi, anapewa nambari ya OB, daftari la matukio la kituo. Afisa wa dawati la jinsia hayupo, aje kesho. Kesho anapewa P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, anakwenda hospitali kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado tunaiita Makadara hata serikali ikibadilisha kibao mara ngapi, na daktari anaijaza. Mume anakamatwa. Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, naye anafikishwa, anasomewa shtaka la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Anakana. Katiba hiyohiyo, ibara ya 49, inampa haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Shangazi yake anatoa pesa, na kufikia alasiri yuko nje.

Nani amemwambia mkewe? Sheria ya Kinga kwa Waathiriwa ya mwaka 2014 inataka usalama wa mwathiriwa uzingatiwe dhamana inapopangiwa masharti, na inampa haki ya kupewa habari za kesi yake. Kwenye karatasi, habari hizo zimefika. Kwa wengi niliowaona, habari ya kwanza ilikuwa hodi mlangoni jioni ileile.

Kisha inatolewa tarehe ya kusikizwa. Mama anakuja, amefunga biashara, amekopa nauli, amemwachia jirani mtoto mdogo. Anakaa kwenye benchi la nje, na benchi ni moja, kwa hiyo mama mkwe yuko pembeni yake na shemeji yuko mbele. Saa nne unusu jina linaitwa. Kiongozi wa mashtaka hana faili ya polisi. Tarehe nyingine. Safari ya pili daktari aliyejaza P3 amehamia kaunti nyingine na samansi haikumfikia. Tarehe nyingine. Safari ya tatu wakili wa mshtakiwa yuko Mahakama Kuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiziandika hizo tarehe, na naweza kusema kwamba kila sababu, ukiitazama peke yake, ilikuwa ya kweli.

Halafu kuna uhamisho. Hakimu aliyemsikia mama akilia na kusimulia anapelekwa kituo kingine, anakuja mpya. Kifungu cha 200 cha sheria ya utaratibu wa jinai kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba anayo haki ya kutaka mashahidi waliokwisha kusikizwa waitwe tena. Ni haki yake na siipingi. Hata mimi nisingependa kuhukumiwa na mtu ambaye hakumwona shahidi usoni. Ila kwa mama yule maana yake ni kupanda tena kizimbani na kueleza upya alivyovunjwa mkono, mwaka umepita, mkono umepona ukapinda, na mume amesharudi nyumbani. Ni wengi walioishia hapo. Wengine hawakuja kuondoa kesi. Waliacha tu kuja, na faili ikafungwa kwa kukosa mashahidi.

Watu huuliza kwa nini mwanamke asishikilie haki yake. Mimi nilijifunza kuuliza nani analipa kodi mwezi huu. Mume akiwa rumande, hakuna mshahara. Mume akiwa nje, yuko sebuleni. Wazee wa ukoo wanakaa, wanapanga faini ya mbuzi au ahadi mbele ya mashahidi, na mbuzi huyo hali yeye. Ibara ya 159 ya Katiba inatambua njia za kimila za kusuluhisha migogoro, lakini ibara hiyohiyo inakataza njia hizo zisitumiwe kinyume cha haki za binadamu. Sehemu ya kwanza inanukuliwa sana barazani. Ya pili sijaisikia ikinukuliwa huko.

Jambo ambalo raia wa kawaida hulijua kidogo sana ni amri ya ulinzi. Kenya ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma ya Nyumbani ya mwaka 2015, na nathubutu kusema ni miongoni mwa sheria nzuri kuliko zote ambazo watu wetu hawazitumii. Inahesabu kuwa dhuluma mambo ambayo wengi wamezoea kuyaita ukali wa mume: kumnyima mtu pesa za matumizi, kumfuatafuata, kumvunjia vyombo, kumtukana, kumtisha, hata wakwe kuingilia ndoa. Haiwahusu mke na mume tu. Waliotalikiana wamo, waliochumbiana wamo, wanaoishi nyumba moja wamo, wazazi na watoto wao wakubwa wamo. Mwanamume anayepigwa anaweza kuitumia vilevile, na nimewaona wanaume waliokuja, wachache, wakijifanya wameteleza bafuni hadi walipoketishwa faragha.

Hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kuusubiri upande wa pili, kama kuchelewa kutaleta madhara. Anaweza kumkataza mtu asikaribie nyumba, asifike kazini kwa mlalamishi, asipige simu. Anaweza hata kumwachia mlalamishi makazi na kumtoa mwenzake, ingawa mkataba wa kodi una jina la huyo anayetolewa. Kuivunja amri ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Sheria inamlazimu pia polisi kumweleza mlalamishi nafuu alizo nazo na kumsaidia afike hospitalini na mahali salama. Na mlalamishi anaweza kutaka maelezo yake yachukuliwe na afisa wa jinsia yake.

Tatizo ni faili. Kesi ya jinai ya mama yetu imefunguliwa masjala ya jinai. Ombi la amri ya ulinzi limeingia masjala ya madai, ghorofa nyingine, hakimu mwingine. Kama ni Mwislamu na anataka talaka, faili ya tatu iko kwa Kadhi, ambaye Katiba imempa mamlaka ya ndoa na talaka kwa Waislamu. Watoto nao wana faili ya nne katika mahakama ya watoto. Kadhi anataka ushahidi wa madhara. Ushahidi ni P3, na P3 imo katika faili ya polisi. Hakimu wa madai amemkataza mume asikanyage nyumba yao ya Kisauni, huku hakimu wa jinai, bila kujua, amekubali dhamana ya mtu ambaye anwani aliyoandika kwenye bondi ni nyumba hiyohiyo ya Kisauni. Siku nilipoona jambo la namna hiyo, nilikwenda na faili mbili mkononi, nikabisha ofisini kwa mheshimiwa mmoja, nikaziweka mezani pamoja. Lilirekebishwa siku ileile. Lakini lilirekebishwa kwa sababu karani mmoja alikumbuka jina, na huwezi kuendesha mahakama kwa kumbukumbu za makarani.

Wahispania walilifikiria hili. Sheria yao ya Desemba 2004 iliunda mahakama za dhuluma dhidi ya wanawake, zilizoanza kazi katikati ya 2005, ambamo jaji mmoja anashika upande wa jinai na pia talaka, malezi ya watoto na matumizi ya familia hiyohiyo. Ombi la amri ya ulinzi linatakiwa kuamuliwa ndani ya saa 72. Amri moja inabeba yote: asikaribie, atoke nyumbani, na watoto wakae na nani kwa muda. New York na Croydon huko Uingereza nao walijaribu mpango wa familia moja, jaji mmoja. Kwetu Kadhi hawezi kuwekwa chini ya hakimu wa jinai. Katiba imemtenga, na sipendekezi atenguliwe. Ila hakuna ibara inayokataza faili hizo kupewa alama inayoziunganisha. Tangu mwaka 2024 mahakama zetu nchi nzima zinapokea kesi kwa mtandao. Kompyuta inaweza kumwonyesha hakimu wa Shanzu kwamba jina aliloletewa lina amri ya ulinzi mahali pengine. Inachohitaji ni mtu wa kuiagiza ifanye hivyo.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mahakama zetu maalum zimejengwa zaidi juu ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006: unajisi wa watoto, ubakaji. Ni sawa, maana watoto wale walihitaji kizimba chenye pazia na chumba chao cha kungojea kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini mama wa mahamri hakubakwa. Amevunjwa mkono, shtaka lake ni la kifungu cha 251, na katika vituo vingi bado atasimama kwenye orodha ya kawaida, baada ya chang'aa na kabla ya matatu. Dhuluma ya nyumbani ikibaki mtoto wa kambo wa mahakama hizi, tutakuwa tumewaacha nje watu wengi mno.

Kabla ya kuwasifu Waingereza, niseme walianzaje. Mwaka 1999 mjini Leeds, kesi za dhuluma za nyumbani zilikusanywa zisikizwe pamoja badala ya kutawanywa katika wiki nzima. Ni jambo dogo la ratiba, na mimi mtu wa ratiba nalipenda sana. Kesi zikiwa siku moja, unaweza kuwa na kiongozi wa mashtaka aliyefunzwa siku hiyo, mahakimu walewale, na muhimu zaidi mshauri huru: mtu asiye polisi wala wakili wa upande wowote, ambaye kazi yake ni mlalamishi. Anampigia simu usiku wa kabla, anamwambia mshtakiwa amepewa dhamana kwa masharti gani, anamsindikiza kupitia mlango mwingine. Mwaka 2003 Cardiff wakaongeza kikao ambamo polisi, hospitali, idara ya nyumba na ustawi wa jamii hukaa meza moja na kuzungumzia wale walio katika hatari kubwa zaidi, kila mmoja akitaja alichonacho. Polisi wana tukio moja, hospitali ina matatu, mwalimu wa mtoto ana lake. Yakikutana, picha inabadilika.

Huko nako kuna onyo. Tangu 2010 Uingereza imefunga zaidi ya nusu ya mahakama zake za mahakimu ili kubana matumizi. Wenzetu wa Afrika Kusini walifungua mahakama ya makosa ya kingono Wynberg, Cape Town, mwaka 1993, mpango ukasambaa, ukafifia, na ikabidi uhuishwe tena kuanzia 2013. Mahakama maalum haijengwi mara moja ikaisha. Bajeti ikikauka, kinachoondoka kwanza ni yule mshauri na simu zake, kwa sababu hayumo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote nilikisoma kuhusu Brooklyn, ambako mwaka 1996 walianzisha mahakama ya makosa mazito ya dhuluma za nyumbani. Pale mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anaitwa mbele ya jaji mara kwa mara, hata kama siku hiyo hakuna shahidi wa kusikizwa. Jaji anauliza: unaishi wapi sasa, ulimpigia simu, ulihudhuria mafunzo uliyoamriwa? Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu. Miaka yote kwetu tarehe ya kutajwa ilikuwa siku ya kupoteza, mshtakiwa anajibu "nipo, mheshimiwa" na kwenda zake kunywa chai. Wao walichukua tarehe hiyohiyo tupu wakaifanya siku ya kumwangalia mtu machoni. Sheria yetu haikatazi hilo. Maafisa wa probesheni tunao, na ripoti zao za dhamana hakimu anaweza kuziagiza tayari. Gharama yake ni robo saa kila wiki kadhaa.

Na kwenye tarehe hizo pana maswali ya kuulizwa. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitengeneza miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzake, na utafiti alioongoza katika miji 11 ya nchi yake, uliochapishwa 2003, ulionyesha yapi yana uzito. Amewahi kukukaba koo? Amekutishia kukuua, na je, unaamini anaweza? Ana silaha? Umemwacha hivi karibuni au umesema utamwacha? Swali hilo la mwisho wengi hulishangaa, maana tunadhani aliyeondoka ameokoka. Wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa. Mama anayesema kwenye dirisha la masjala "nimekuja kuondoa kesi" siku tatu baada ya kuhamia kwa dada yake anahitaji mtu wa kumuuliza maswali hayo faraghani kabla hajapanda kizimbani kusamehe. Kukabwa koo hasa: hakuachi alama kubwa, kwenye P3 kunaweza kuandikwa mstari mmoja tu, na askari huona kwamba hilo si jeraha.

Najua kuna mawakili watakaosoma hapa na kukunja uso. Mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na sikuwahi kuona faili yenye haki zaidi kwa sababu ilichelewa. Vijana wamekaa Shimo la Tewa, gereza lililo jirani na mahakama ya Shanzu, wakingoja daktari aliyehamishwa. Kesi iendayo haraka inamfaa na asiye na hatia. Simu ya kumjulisha mlalamishi kuhusu dhamana haimwondolei mshtakiwa haki yoyote. Wala sisemi kila suluhu ikataliwe. Nimeona ndoa zilizorekebika, mume akaacha pombe, akawa mtu. Ninachotaka ni hakimu aahirishe suluhu hiyo wiki mbili, afisa wa probesheni amtembelee mama akiwa peke yake, ripoti ije, ndipo kifungu cha 204 kitumike. Kikitumika baada ya hapo, sina neno. Isitoshe, Sheria ya Ushahidi tayari inamruhusu mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe katika makosa aliyomtendea yeye mwenyewe au watoto, na anaweza hata kulazimishwa. Upande wa mashtaka unaojiandaa vizuri, wenye daktari, jirani na picha zilizopigwa siku ya kwanza, haumtwiki mama mzigo wote peke yake.

Mahakimu wenyewe pia wachungwe. Kusikiliza unajisi asubuhi na mke aliyechomwa maji moto mchana, siku nenda siku rudi, kunaharibu mtu. Niliona mheshimiwa mmoja aliyekuwa mpole akawa mkali kwa mashahidi, na sasa najua alikuwa amechoka moyo. Hakuna aliyemuuliza. Wanaofanya kazi hii wapate mshauri wa kuzungumza naye, na wasihamishwe kesi ikiwa nusu. Wanaopanga uhamisho wanaweza kungoja mashahidi waliobaki wamalizwe. Mara nyingi ni wawili au watatu.

Kwa anayesoma haya na yuko ndani ya jambo lenyewe: nenda hospitali kwanza, hata kabla ya kituo cha polisi kama umeumia, na utunze kila karatasi kwa mtu usiyeishi naye. Nambari ya OB iandike pia mahali pengine. Simu ya bure ya msaada ni 1195. Ukifika mahakamani omba amri ya ulinzi kwa jina lake hilo, amri ya ulinzi, usiseme tu "nataka asinisumbue". Ukipewa, usikubali wewe mwenyewe kutumwa kumpelekea mume nakala. Kuna mama aliyetumwa hivyo, askari akamwambia, "Wewe si ndiye unajua anakokaa?" Alikuwa anajua, kweli, na ndiyo sababu aliogopa.

Kila kituo cha mahakama Kenya kina kamati ya watumiaji wa mahakama: hakimu mkuu wa kituo, polisi, magereza, probesheni, mawakili, watu wa mashirika na wa mitaani. Mimi huingia katika mojawapo kama mwananchi. Majuzi nilipendekeza daftari moja tu la amri za ulinzi, lenye safu ya tarehe amri ilipotolewa, tarehe mhusika alipokabidhiwa, nani aliyemkabidhi, na mara ilipovunjwa hatua gani ilichukuliwa. Pia kila dhamana inapotolewa katika kesi ya dhuluma ya nyumbani, mlalamishi apigiwe simu kabla mshtakiwa hajatoka getini. Mkuu wa kituo alikubali, polisi wakakubali, na wa magereza, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema wao wanaweza hata kuchelewesha lango kidogo mpaka simu ipokewe. Kilichochukua muda uliobaki wa mkutano ni mjadala wa nani atanunua salio la simu, na kufikia sasa umeahirishwa hadi kikao kijacho.